Gesi ya AC Haiishi Kama Mkaa

Leo naomba niwaudhi mafundi kidogo, kisha wenye nyumba kidogo, na nikimaliza niwageukie wale wanaotuchorea nyumba za siku hizi. Mada ni AC. Kamusi inasema kiyoyozi, na ni neno zuri kabisa, ila sijawahi kumsikia mtu wa Sinza akimpigia fundi simu kumwambia kuwa kiyoyozi chake kimepata hitilafu. AC imezingua, basi, na fundi anaelewa.

Najua wapo watakaosema AC ni mambo ya vigogo, sisi tulalie mkeka sebuleni, mlango wazi. Sawa. Lakini tembea Dar leo uangalie vyumba vya kupanga vya mwalimu, nesi, karani wa benki na mwandishi wa habari anayelipwa kwa stori. Utaona mashine zimening'inia ukutani nyuma ya nyumba, nusu yake zinatoa maji na nusu zinatoa kelele. AC imeshuka uswahilini. Kilichobaki juu ni bei ya kuitunza.

Yangu haikuwa hata yangu. Ni ya mwenye nyumba, ilikuwepo nilipohamia, na ndiyo iliyopandisha kodi. Chumba na sebule bila AC mtaa ule ule ni 280,000 kwa mwezi, mimi nalipa 350,000. Dalali aliitamka hiyo AC kama mtu anayetaja shahada: "Kaka, hii ina AC!" Nikalipa miezi sita mkupuo, kama ilivyo desturi ya mji huu. Piga hesabu: 70,000 mara sita ni 420,000, ambazo nimelipia ubaridi kabla sijaupata.

Kwa kawaida ningeizima tu nikanunua feni. Mwaka huu haikuwezekana. Mama yuko kwangu tangu Januari kwa ajili ya kliniki ya presha, na katika dawa zake kuna zile zinazomfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Mtu wa umri wake hatoki jasho vizuri kama kijana, mwili wake unapoteza maji kwa dawa, halafu unamlaza kwenye chumba ambacho saa saba usiku ukuta bado una joto la mchana. Asubuhi anaamka kichwa kinamzunguka. Yeye mwenyewe halalamiki. Anasema, "Mwanangu, joto ni la Mungu." Mimi nasema la Mungu ni lile la nje. Hili la ndani lina wenyewe.

Tuanze na mafundi.

Fundi wa kwanza alikuja Desemba, kabla Mama hajafika. Alipanda, akafungua kizibo, akachomeka geji, akashuka: "Bosi, gesi imeisha." 80,000. Ikapoa wiki tano. Mwisho wa Januari akaja mwingine, akapanda, akachomeka geji, akashuka: "Kaka, gesi imeisha." 80,000 tena. Ikapoa wiki nne.

Hapa ndipo nataka wasomaji wangu mnisikilize vizuri, maana naona nchi nzima imekubali usanii huu kama vile ni sheria ya maumbile. Gesi ya AC haiishi. Haichomwi kama mkaa, haitumiki kama mafuta ya bodaboda. AC ni bomba lililofungwa pande zote. Kompresa inaisukuma gesi ikiwa na moto kwenda kwenye mashine ya nje, pale inautoa ule moto na kugeuka kimiminika, inapitishwa kwenye njia nyembamba, shinikizo linashuka ghafla, inakuwa baridi sana, inaingia ndani, inayeyuka huku ikinyonya joto la chumba, inarudi kwenye kompresa. Mzunguko ni huo huo, gesi ni ile ile. Jokofu la bibi yako limekaa miaka ishirini halijaongezwa gesi hata siku moja, na linafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa gesi imepungua, ujue kuna mahali imetokea. Mtu anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anamjazia upepo mwenye pancha, anamwambia safari njema.

Na si kwamba mafundi hawajui. Wengi wanajua. Ila kutafuta tundu kunachukua nusu siku, na mteja wa Kibongo anataka baridi sasa hivi, halafu fundi aliyeziba tundu vizuri haitwi tena. Sote tumeujenga mtindo huu pamoja: mteja analipia ubaridi wa wiki tano, fundi anapata kazi ya kurudia, na gesi inakwenda angani.

Huko angani nako kuna kesi. Mashine nyingi za zamani, pamoja na mitumba tunayoikimbilia kwa sababu ya bei, zinatumia gesi ya R22. Hiyo inakula tabaka la ozoni, na ipo kwenye orodha ya kuondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Ratiba ya nchi zinazoendelea inajulikana: matumizi yalisimamishwa yasipande mwaka 2013, yakakatwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67.5 mwaka 2025, na 2030 ndiyo mwisho, ukiacha kiasi kidogo sana cha kuhudumia mashine zilizopo. Sasa wewe unaponunua AC ya mtumba ya R22 kwa sababu ni nusu bei, unanunua mashine ambayo chakula chake kinazidi kuwa adimu. Hizi gesi zilizofuata kama R410A haziigusi ozoni, lakini zinapasha dunia joto vibaya sana, kilo moja yake ni kama kilo elfu mbili na ushei za hewa ya ukaa. Ndiyo maana wakubwa walikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 wakakubaliana nazo zipunguzwe. Kwa hiyo joto unalolikimbia unalirudisha kwa mlango wa nyuma kila fundi "anapoongeza kidogo". Lakini nisiwatwishe mtu mwenye mshahara wa laki nne dhambi za dunia nzima. Turudi mfukoni.

Machi nilimpata kijana aliyesomea viyoyozi na majokofu VETA. Tofauti yake niliiona kabla hajapanda ngazi. Aliomba ndoo ya maji. Akatoa chujio la ndani, lile la wavu, ambalo mtu yeyote anaweza kulitoa kwa mikono yake. Lilikuwa na vumbi zito kama blanketi. Akaliosha bombani. Kisha akazima umeme kwenye kiberiti chake, akaenda kwenye mashine ya nje, akamwagia maji kwenye zile mbavu za alumini. Maji yalitoka meusi, na yakatoka na chumvi. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunasahau kwamba upepo unaotuburudisha jioni umebeba chumvi, na chumvi inakula alumini na shaba polepole.

Ndipo akachukua sabuni ya maji na brashi, akapaka kwenye viungo vya mabomba. Kwenye nati moja ya nje, povu likaanza kupumua. Ndilo tundu lenyewe! Nati ilikuwa imekazwa vibaya siku AC inafungwa, na waliomtangulia wote walipita nalo uso kwa uso. Akatengeneza upya mdomo wa bomba, akakaza, akavuta hewa kwa pampu karibu nusu saa, kisha akaweka gesi kwa mizani. Kwa mizani, ndugu zangu! Akanionyesha kibandiko kwenye mashine ya nje: kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa kilo. Yangu ni R410A, ambayo ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo kuikisia kwa geji peke yake ni kubahatisha. Na shinikizo lake ni kubwa kuliko la R22, mafuta ya kompresa nayo ni tofauti, hivyo yule anayekuja na mtungi mmoja wa kila nyumba ni wa kumwogopa.

Alinitoza 40,000 ya kazi na 45,000 ya gesi. Jumla 85,000, karibu sawa na "gesi imeisha" moja.

Basi ukiniuliza mwenye kipato cha kuungaunga aanze wapi, nitakwambia aanze na yasiyo na gharama. Osha chujio kila wiki mbili, kiangazi kwa mvua. Mwagia maji mashine ya nje, umeme ukiwa umezimwa. Usiweke rimoti kwenye 16 ukidhani itapoza haraka zaidi. AC ya kawaida isiyo ya inveta inapuliza ubaridi ule ule ukiweka 16 au 25, tofauti ni lini itapumzika. Kama mashine ya nje inanguruma bila feni wala kompresa kuanza, kabla hujaambiwa kompresa imekufa, uliza kuhusu kapasita. Ni kikopo kidogo, bei yake ni ndogo, na kinakufa mara kwa mara kwa sababu ya umeme wetu wa kupanda na kushuka. Barafu kwenye mabomba nayo si lazima iwe gesi. Chujio chafu linaweza kuileta. Na fundi wa gesi muulize maswali mawili tu: inatokea wapi, na umeweka gramu ngapi. Akikunja uso, mlipe nauli, mwachie aende.

Lakini kompresa ikiwa imekufa kweli, au mabomba ya ndani yameliwa na chumvi kiasi cha kutoboka kila mwezi sehemu mpya, achana nayo. Kuna watu wanaouguza AC kama ndugu. Kila mwezi 50,000, kila mwezi 60,000, na mwisho wa mwaka wamenunua mpya ambayo hawajaipata.

Halafu kuna luku. AC ya BTU 12,000 inavuta kama kilowati moja kompresa ikifanya kazi. Ikiwa nzima inapumzika katikati, kwa hiyo usiku wa saa nane inaweza kula uniti tano hivi. Ikiwa mbovu haifikii ubaridi ulioweka, haipumziki, inakula nane. Yaani mbovu inapoza kidogo na kula zaidi, kama mfanyakazi hewa. Uniti tano kwa siku thelathini ni 150. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada ilikuwa 350. Unaona mtego? Taa, TV, simu na jokofu dogo vinaweza kukubakiza chini ya 75. AC peke yake inakutoa kwenye kundi la wanyonge. Feni ya wati 60 kwa saa nane haifiki hata nusu uniti, kwa mwezi ni kama 15. Ndiyo maana mimi sasa nina vyote viwili: AC naiwasha saa tatu usiku hadi chumba cha Mama kipoe, saa sita naizima, feni inaendelea. Sebule haina chochote. Mimi nalala sebuleni.

Sasa mwenye nyumba.

Nilimpelekea risiti tatu, jumla 245,000, nikamwomba kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, naomba tukate kwenye kodi ijayo." Akazisoma zote, akavua miwani, akasema, "Kijana wangu, paa likivuja niite. AC ni starehe yako."

Nimelitafakari sana jibu hilo na nalipinga. Ingekuwa starehe yangu ningeileta mwenyewe na kuondoka nayo. Hii yeye ameinunua, ameifunga ukutani kwake, ameitangaza kwa dalali, na ameipangia bei ndani ya kodi. Kitu kinachopandisha kodi ni sehemu ya nyumba, kama paa, kama choo. Mpangaji akiivunja kwa uzembe alipe. Akishindwa kuosha chujio likaharibu mashine, alipe. Lakini nati iliyokazwa vibaya siku ya kwanza haiwezi kuwa deni la mtu aliyehamia miaka minne baadaye. Na kama kweli ni starehe, basi aiondoe ile 70,000 nami niondoe madai yangu, tubaki na ukuta wenye pambo.

Tatizo ni kwamba mkataba wangu ni karatasi moja iliyojaa makatazo: usipige msumari, usifuge kuku, usilaze wageni. Kuhusu vitu vilivyomo ndani hauna hata neno. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo kwa mambo madogo kama haya mpangaji analindwa zaidi na alichoandika kuliko kingine chochote. Kwa hiyo rafiki yangu unayetafuta chumba wiki hii: kabla hujatoa hela ya miezi sita, iwashe AC mbele ya dalali, kaa chini yake dakika ishirini, mwache apige simu zake. Kisha omba mstari mmoja uongezwe: AC ikiharibika bila uzembe wa mpangaji, matengenezo ni ya mwenye nyumba. Akikataa kuuandika, umeshajua bei halisi ya chumba.

Wa mwisho ni wachoraji, na hawa nina hasira nao zaidi kwa sababu wamesoma.

Hivi ni nani aliyetuambia kuwa nyumba ya Dar es Salaam ijengwe kama ofisi ya Ulaya? Chumba cha Mama kina dirisha moja la alumini la kusukuma. Dirisha la kusukuma, kwa namna lilivyo, linafunguka nusu tu. Nusu nyingine ni kioo kinachoingiza jua la magharibi. Ukuta wa pili hauna dirisha, kwa hiyo upepo ukiingia hauna pa kutokea, na upepo usio na pa kutokea hauingii. Dari iko chini, unaigusa ukinyoosha mkono juu ya stuli. Juu yake ni bati. Kaskazi inavuma miezi yote ya joto, na kusi inaipokea, bure kabisa, na sisi tumejenga ukuta wa uzio futi tisa tukaizuia.

Tulikuwa tunajua kujenga. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar uingie nyumba yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya juu, saa nane mchana, utaelewa. Angalia zile nyumba za zamani za Upanga zenye matofali ya matundu kwenye ngazi. Anthony Almeida alichora majengo ya mji huu kwa miongo mingi akijua jua linapita wapi. Soko la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli na likajengwa miaka ya 1970, lilifunikwa na miavuli mikubwa ya zege iliyoacha hewa na mwanga vipite, umati wote ule chini yake. Liliungua Julai 2021, lakini wazo lake halikuungua. Leo ukizunguka mitaa ya pembeni yake unauziwa AC za kila rangi, kwa ajili ya nyumba ambazo hazikujifunza chochote kutoka kwenye soko lenyewe.

Na kinachochekesha ni kwamba hii mashine haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Willis Carrier, kijana wa miaka 25, aliibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, kwa sababu unyevunyevu ulikuwa unakunja karatasi na rangi zinakosana. Karatasi ndizo zilikuwa za kwanza kupata ubaridi. Kwa mtu wa magazeti kama mimi nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Hata kwenye AC karatasi imemtangulia mwandishi.

Kodi yangu inaisha Juni. Mzee bado ana risiti zangu, hajazirudisha wala hajalipa, na nimemwandikia kwamba kodi ijayo nitailipa pungufu ya 245,000 au sitailipa kabisa, nitahama. Mama kliniki yake ya mwisho ni tarehe 20 mwezi ujao. Nati haijatoa povu tena. Naipaka sabuni kila Jumapili baada ya chai.